Weka Wewe Kwanza

Enzi hizo mchezo haukuwa na dirisha la kubadilishana.
Ukitaka kuuza, uliweka bidhaa chini,
kwenye kigae cha barabara, mbele ya macho ya wapita njia,
ukasogea hatua moja, ukaomba Mungu.
Mnunuzi aliweka fedha. Au hakuweka.
Ndiyo maana nusu ya mazungumzo yetu
yalikuwa haya tu: weka wewe kwanza.
Hapana, wewe.
Wewe.
Robo saa nzima, mashujaa wawili waliokwisha kuua majoka
wanaogopana kama majirani wenye deni.

Mimi nilikuwa Radom, Poland, miaka kumi na minne,
chini ya ardhi kwa Bwana Wacław, zloti tatu kwa saa,
theluji ya viatu vyetu ikiyeyuka chini ya kompyuta kumi na moja.
Sheria ya uwanja: mdogo huweka kwanza,
kwa kuwa mkubwa ana jina la kupoteza.
Gniewko wa ghorofa ya tatu, kiwango cha themanini, alikuwa na jina.
Nikamwekea upanga wangu, jasho la miezi minne.
Akauokota, akaandika "ha", akatoka mtandaoni,
na kesho yake tukapanda lifti moja
tukitazama namba za ghorofa.

Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo.
Mimi sikushtuka. Nilianza kutafuta wa kumuuma.

Ederaldo, Mbrazili wa Londrina.
Maneno tuliyoelewana hayakufika ishirini:
nunua, uza, ngapi, rafiki, mvua,
na mama ananiita.
Alikuwa na Ngao ya Kobe Mweusi. Elfu arobaini.
Nikasema ninazo. Nilikuwa na thelathini na moja.

Hakuandika weka wewe kwanza.
Aliweka.
Ngao ikalala pembeni ya kisima, wageni wanne wamesimama,
yeyote angeweza kuinyakua,
naye akarudi nyuma hatua mbili, siyo moja,
kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.
Nikaikwapua. Nikamwaga nilizo nazo.
Nikakimbia hadi vinamasi vya kaskazini,
moyo ukidunda kuliko siku ya joka la kwanza.
Hakunifuata. Maandishi yake yalinikuta njiani:
"zimepungua kidogo rafiki. utaleta."

Utaleta. Bila alama ya kuuliza.

Kiangazi kile kampuni ikatuletea dirisha:
visanduku viwili, alama mbili za vema, haibiwi mtu.
Tulishangilia. Kisha likaja jumba la mnada,
grafu za bei, kodi asilimia mbili,
muuzaji asiye na jina, mnunuzi asiye na uso.
Biashara haigombi, walisema wahenga;
hii haikugomba kwa kuwa haikuwa na kinywa.
Nilinunua mizizi ya buluu Jumatatu, wapika dawa wakiwa shuleni,
nikaiuza Ijumaa usiku. Nikatajirika.
Nimebonyeza vema mara elfu ngapi sijui,
na katika wote niliouziana nao
simkumbuki hata mmoja.
Ngao ile siku hizi ni takataka, sarafu tano.

Sasa nina duka la dawa, dawa za kweli,
na binti anayeuliza kwa nini baba anacheza mchezo wa wazee.
Elfu tisa. Nimejaribu kuzituma:
mpokeaji hapatikani,
mara ya mwisho kuonekana, Februari ya mwaka ule.
Nimejaribu mnada; hauna mahali pa kulipia deni.
Kwa hiyo usiku, nikishafunga hesabu,
nakwenda kwenye uwanja wa kisima.
Hapana mtu, wote wako jumbani.
Naziweka kwenye kigae. Narudi nyuma hatua mbili.
Kilicho chini hudumu dakika kumi, kisha seva hukifuta.
Nasimama zote kumi.

Jana alipita mgeni, kiwango cha sita,
bado amevaa fulana ile wanayopewa wote.
Akasimama. Akazitazama.
Akaandika: "za nani?"

Zilikuwa zimebaki dakika tatu.
Nikaanza kumweleza.